Ni dereva au ni gari? Nilivyopunguza dizeli ya magari ya taka

Semina zote za usafirishaji nilizohudhuria, mshauri anamaliza na neno lilelile: nunueni magari mapya. Asante sana. Manispaa yetu hapa Dar ina makompakta, malori ya kushindilia taka, yenye umri wa watoto wa sekondari, na ukiomba hata moja jipya wahasibu wanacheka. Dizeli imepungua hata hivyo, naweza kusema karibu robo, na ule moshi mweusi uliokuwa ukitufedhehesha Barabara ya Nyerere haupo tena.

Ushauri wa kwanza ulitoka juu: fungeni kufuli kwenye mifuniko ya matenki. Tukafunga, kufuli nzito za shaba, funguo nakaa nazo mimi. Dizeli ikaendelea kuyeyuka. Siku moja nikaingia uvunguni na fundi, nikakuta wataalamu wetu wa kuiba dizeli hawana shida na mfuniko kabisa. Injini ya dizeli huvuta mafuta mengi kuliko inayochoma, na yanayobaki hurudi tenkini kupitia mpira mwembamba. Basi wanachomoa mpira ule, wanauelekeza kwenye dumu, injini inanguruma, dumu linajaa, na kufuli ipo pale pale inang'aa! Nilicheka mpaka fundi akadhani nimejigonga kichwa. Siku hizi kufuli zile zinafunga stoo ya matairi.

Kilichofanya kazi hakikuhitaji fedha. Gari likirudi linajazwa mpaka shingoni, pampu ileile, kisha nagawa lita kwa tripu za dampo la Pugu Kinyamwezi. Ukigawa kwa kilomita utamwonea mtu, maana kompakta hushindilia taka kwa nguvu ya injini likiwa limesimama, wakati tipa linabeba tu na kuondoka. Baada ya hapo nikabadilisha madereva, huyu apande la yule, bila kueleza sababu. Kelele zikawa nyingi. Mmoja akaniambia, "Bosi, hili gari ndilo mlevi, si mimi." Nikamjibu tutajua: kiu ikikufuata kwenye gari jingine ni yako, ikibaki hapa ni ya gari.

Ikabaki. Breki ya nyuma ilikuwa inakamata muda wote. Sogeza kiganja karibu na rimu gari likitoka barabarani, usiguse, joto litakueleza. Kichujio cha hewa nacho kilikuwa kimeziba kwa vumbi la dampo. Kipya kiligharimu kama pesa ya chai ya kikao kimoja. Dereva nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Kwenye gari jingine kiu ilihama na mwenyewe, na huyo tuliongea mlango ukiwa umefungwa.

Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla tairi halijapata moto, na magari yatoke alfajiri, foleni ya Tazara haina huruma.

Afisa mazingira alipotaka ripoti ya hewa ukaa, nilizidisha lita tulizookoa kwa kilo 2.7 za hewa hiyo kwa kila lita. Mhasibu akagoma: lita ya dizeli haifiki hata kilo moja, itatoaje karibu tatu? Nikamweleza kwamba kaboni ikiungua hujiunga na oksijeni, na oksijeni hiyo imetoka hewani, haikuwa tenkini. Akasaini, shingo upande.

Kinachonishinda mpaka leo ni silensa, yaani injini kuachwa ikinguruma gari likiwa limesimama. Madereva wanaamini kuzima na kuwasha kunakula zaidi, wakati lori lililosimama linanguruma kwenye foleni ya dampo linakunywa lita mbili tatu kwa saa. Wa malori wameanza kuelewa. Wagumu ni wale wa dabo kebini za wakubwa: kikao kizima gari liko nje linanguruma, kiyoyozi kinapoza viti vitupu. Nikimuuliza dereva, ananijibu, "Mzee, mwambie mwenyewe apande gari lenye joto." Anayejua namna ya kumwambia, anifundishe.