Siku Shangazi Alipoziba Pancha

Agosti 1994 nilikuwa na miaka 12. Natoka mashineni na debe la unga kwenye keria ya baiskeli ya baba, Phoenix. Kwetu Nzega mwezi huo vumbi linafika kwenye vifundo vya miguu, na miiba ya migunga imetapakaa njia nzima. Ghafla gurudumu la nyuma likaanza kugonga kwa rimu. Pancha.

Solusheni na viraka nilikuwa navyo. Nikaziba palepale chini ya mti, harakaharaka, nikapiga pampu, nikapanda. Hata nusu kilomita haikufika, upepo umekwisha. Nikaikokota mpaka kwa shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mbona jasho hivyo?"

Shangazi alikuwa akipeleka nyanya gulioni kwa baiskeli, na mpaka leo sijaona fundi aliyemzidi kwa utulivu. Aliipindua Phoenix miguu juu, akalichokonoa tairi kwa mipini ya vijiko viwili, akaitoa tyubu na kuijaza. Nikakimbilia mtungi, niizamishe tuone mapovu. Akanizuia, kisima kilikuwa mbali, yale yalikuwa maji ya kupikia. Akaisogeza tyubu shavuni ausikie upepo unaovuja, akawa anaizungusha polepole, macho kafumba. Kisha akaacha kuizungusha. Akalamba kidole, akapaka mate, kipovu kikachomoza. Tundu jipya, kando kabisa ya kiraka changu, na kiraka chenyewe kilikuwa kimeanza kubanduka.

"Tairi ulilipapasa ndani?"

Nilitikisa kichwa. Akapitisha vidole mwenyewe, mara ya kwanza hakuna kitu, mara ya pili akashtuka. Aliing'oa ncha ya mwiba, nyeusi, fupi kuliko punje ya mchele, akaniwekea kiganjani.

Kiraka kipya alikikata kutoka tyubu kuukuu, kikubwa cha kufunika matundu yote mawili, akakizungushia mkasi: kikiwa na kona, hapo ndipo kinapoanza kuachia. Akakwangua mpira kwa kipande cha bati kilichotobolewa misumari. Akapaka solusheni huku na huku, halafu akakaa. Mimi nilikuwa nawaza jua linalozama, na mama anayengoja unga. Yeye alikuwa akiigusa gundi kwa mgongo wa kidole kila baada ya muda. Ilipoacha kunata ndipo alipobandika, akakigongagonga kwa mpini wa jembe.

Nilifika nyumbani giza limeingia. Usiku nilitoka mara mbili kulibonyeza lile tairi. Alfajiri baba aliipanda baiskeli, tairi gumu vilevile, akaenda zake mnadani.