Koilova za nyuma kwenye gari la zamani: shika tepu kabla ya katalogi

Watu wakianza stori za koilova (shokapu iliyovikwa springi ya koili, vyote kitu kimoja) za nyuma kwa magari ya zamani ya V8, kina Mustang, Camaro, Chevelle na wenzao wa miaka ya 60, swali la kwanza huwa brandi gani na ina nobu ngapi, yaani vile vitufe vya kuzungusha vya kurekebisha ulaini na ugumu wa shokapu. Mimi nimekuwa nikihangaika na mambo haya kwa muda na naona hapo tunaanzia mwisho. Nobu ni kitu cha mwisho kabisa.

Kwanza jua ekseli yako ya nyuma inashikwa na nini. Chevelle ya 1964 hadi 1972 ilitoka kiwandani na springi za koili na mikono minne ya chuma inayoishika ekseli, kwa hiyo ukibadilisha springi na shokapu ekseli inabaki palepale. Mustang ya 1967 au Camaro ya 1969 ni habari nyingine, hizo zina springi za bapa, na zile bapa hazibebi uzito tu, ndizo zinazoizuia ekseli isiende mbele wala pembeni na isijizungushe ukikanyaga mafuta. Ukizitoa lazima uweke foulinki, yaani mikono minne kama ile ya Chevelle, au kitu cha kazi hiyohiyo, na kama mikono yote iko sambamba utahitaji pia Panhard, fimbo ya kuzuia ekseli isiyumbe kushoto na kulia.

Halafu kuna sehemu ya kufungia juu, na hapa naomba mtu asiharakishe. Pale shokapu ya kiwandani inapofungwa palitengenezwa kwa kutuliza mtikisiko, uzito wa gari ulikuwa unakaa kwenye springi mahali pengine. Koilova inaleta uzito wote wa kona hiyo kwenye boliti moja. Bati jembamba la sakafu halitavumilia. Inatakiwa krosimemba ya maana, yaani chuma kinachokatiza chini ya gari, iliyochomelewa kwenye reli zote mbili za fremu.

Sasa urefu. Shusha gari kwenye kimo unachotaka litembelee, kisha pima toka katikati ya boliti ya juu hadi ya chini. Tuseme shokapu ikibanwa yote ni inchi 11 na ikinyooka yote ni 16, safari yake ni inchi 5. Kwa gari la barabarani mimi napenda ikae karibu na inchi 14, ibakiwe na 3 za kubanwa na 2 za kunyooka. Ukikuta kwako inasoma 12, hiyo shokapu si yako hata kama bei ni tamu, itagonga chini kila tuta.

Na usisahau mlalo! Wengi wanailaza koilova ili ipate nafasi pembeni ya ekzosti, sawa, ila springi iliyolala inapoteza nguvu haraka kuliko macho yanavyodhani. Ikilala nyuzi 15 unapoteza kama asilimia 7, ikilala nyuzi 30 unapoteza robo nzima, yaani springi ya pauni 200 kwa inchi inafanya kazi kama ya 150. Kadiri inavyosimama wima na kukaa karibu na tairi ndivyo gari linavyolala kidogo kwenye kona.

Springi yenyewe inachaguliwa kwa mizani. Pima uzito wa kila tairi la nyuma, toa uzito wa ekseli, rimu na breki maana hivyo springi haivibebi. Ikibaki pauni 600 kila upande na springi imesimama wima, ya pauni 150 itabanwa inchi 4, ya 200 itabanwa 3. Ile nati kubwa inayobeba springi inapandisha na kushusha kimo basi, kuikaza hakuifanyi springi kuwa ngumu, kwa hiyo kama umeizungusha mpaka juu na gari bado limekaa chini, nunua springi nyingine.

Ukishafika hapa nobu zinakuwa rahisi. Kwa gari la kutembelea, nobu moja inatosha, anzia upande laini, endesha barabara mbovu unayoijua, ongeza kliki moja moja mpaka nyuma iache kurukaruka baada ya tuta. Za nobu mbili, moja ya kubanwa na moja ya kunyooka, ningezilipia kama gari linaingia mashindano ya dragi (mbio fupi za kunyooka) au saketi mara kwa mara, maana huko utataka kubadilisha jinsi nyuma inavyokaa wakati wa kuondoka bila kugusa upande wa pili.