Meza yangu ya shaba ilivyokuwa mchezo bila pointi hata moja

Watu watatu waliniambia neno moja: weka pointi, weka saa, ndipo kitakuwa mchezo. Niliwasikiliza, nikapoteza wiki mbili. Ndiyo maana naandika.

Kitu chenyewe ni meza. Juu yake kuna vibao 9 vya shaba alivyonikatia fundi mmoja wa kugonga shaba hapa Lubumbashi, na waya nilizozitoa kwenye mota iliyoungua. Vyote vilinila dola 20 hivi. Waya za mota zimepakwa vanishi, kwa hiyo kwangua ncha vizuri, la sivyo utalaumu kompyuta bure. Ukishika kibao cha pembeni kwa mkono mmoja na kugusa kingine kwa mkono wa pili, mwili wako unafunga njia ya umeme. Ni volti 5 tu, huhisi kitu. Arduino, bodi ndogo ya elektroniki inayopangiwa programu, inaiambia kompyuta kwamba kitufe kimebonyezwa, na sauti inatoka. Sauti zote ni za Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi: mwiko ukisonga bukari (ugali), mvua juu ya mabati, treni usiku, mnyororo wa baiskeli ya kubebea makala (mkaa).

Niliipeleka kwa mwandaaji wa maonyesho ya michezo. Akagusa, akatabasamu. "Sanaa nzuri, ndugu yangu, lakini si mchezo. Nani anashinda?"

Basi nikaweka pointi. Mguso mmoja pointi 1, sekunde 60. Vijana wakajipanga uani kwetu. Wa kwanza alipiga vibao kwa vidole vyote kama ngoma. Wa pili akagundua kwamba kuburuta kiganja juu ya vibao vyote kunaleta pointi upesi zaidi, na tangu hapo kila mtu akaburuta. Sauti zote zilitoka kwa mpigo mmoja, makelele matupu. Kufika jioni kibao cha bukari kilikuwa kimeng'oka. Hapo niliumia kweli. Mama ndiye aliyesonga bukari ule, mimi nimeinama na simu karibu na sufuria mpaka mvuke unanichoma, na siku nzima hakuna aliyeusikia. Usiku uleule nikafuta pointi zote.

Ilikuwa kiangazi, na vidole vikavu havipitishi umeme vizuri, kwa hiyo nikaweka kitambaa chenye maji pembeni ya meza. Watoto wakarudi. Binti wa jirani, kama miaka 10, akalowesha kidole, akamwambia mwenzake: "Funga macho. Tafuta treni. Ukigusa mvua, umekufa."

Uwanja ukanyamaza. Kidole cha yule mtoto kilikuwa kinatetemeka juu ya shaba. Baada ya saa moja walikuwa wanacheza wawili wawili, mmoja ameshika kibao cha pembeni, wameshikana mikono, mwenzake anatafuta.

Mimi sikuwa nimegusa waya hata mmoja. Kilichoongezeka ni sharti ambalo wote wamelikubali, na sasa mtu anaweza kukosea. Mwanafalsafa Bernard Suits alishaandika mwaka 1978 kwamba kucheza ni kujitakia vizuizi visivyo vya lazima, na kufunga macho mbele ya meza unayoiona vizuri ni hicho hicho. Kisolo nacho, bao la kwetu Kongo, bila kanuni ni mashimo na mbegu. Msanii Yoko Ono alipita njia hiyo kinyumenyume mwaka 1966: alitengeneza sataranji nyeupe tupu, vipande na miraba. Kanuni ni zilezile, lakini baada ya muda wachezaji hawajui tena kipande kipi ni cha nani, na mashindano yanawaponyoka mikononi.

Mwandaaji alikuja uani mwenyewe. Akauliza tena nani anashinda. Binti akampa kitambaa: "Papa, lowesha kidole, funga macho. Treni."

Akagusa mvua. Watoto wakapiga kelele: "Umekufa!"

"Ngojeni," akasema, macho bado amefunga. "Nirudie."