Nilivyobadilisha pampu ya mafuta ya mashine ya boti pale Kibirizi

Mashine yetu ni ya nguvu za farasi 40, ya mipigo miwili, zile za kuchanganya oili kwenye petroli, na umri wake ni mkubwa kuliko wa boti inayoisukuma. Ilianza kusumbua ziwa lilipofunguliwa Agosti 2024. Kwa wasio wa huku, Kibirizi ni mwalo wa boti huko Kigoma, na uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka huo ili samaki wapumzike na kuzaliana. Mashine nyingi zilikaa muda wote huo zimefunikwa maturubai. Petroli iliyobaki ndani ya pampu ikikauka, dayaframu, ule mpira mwembamba wa ndani, hukakamaa, hasa ukiwa umeshazeeka.

Mwaloni ilikuwa inawaka bila shida na kunguruma vizuri. Mkishatoka na kufungua resi yote, inakwenda kidogo, inaanza kukohoa, nguvu zinakwisha, inazima. Baba mdogo, ambaye ndiye nahodha, akagundua kuwa mtu akikaa nyuma akawa anaminya lile puto la kwenye mpira wa mafuta, mashine inarudi kwenye nguvu zake. Basi wakawa wanavua hivyo, kijana mmoja kazi yake kuminya puto usiku kucha.

Hilo lilinitia hofu. Mashine hizi hazina tangi la oili pembeni. Oili inaingia pamoja na petroli, kwa yetu lita 1 kwa lita 50, kwa hiyo petroli ikipungua na ulainisho umepungua. Pistoni inapata moto, inakwaruza silinda, mwisho inakwama. Na ziwa letu si la kutegemea nanga, maana hata karibu na ukingo kina kinashuka ghafla.

"Bamdogo, tuisimamishe niifungue," nikamwambia.

"Giza linaisha wiki hii, mwanangu. Mbalamwezi ikishatoka dagaa hawafuati taa, tutawapata wapi?"

"Nipe mchana wa leo."

Akanyamaza, kisha akasema, "Haya. Lakini imalizike mapema, nisikae nangoja."

Fundi wa jirani alitaka tuanze na kabureta. Mafundi wengi huanza huko, na mara nyingine wako sahihi, ila puto lilikuwa limeshatupa habari. Kama uchafu ungekuwa umeziba kabureta, kuminya puto kusingeirudishia nguvu haraka namna ile. Na kama kizuizi kingekuwa upande wa tangi, mfano tundu la hewa la kifuniko limefungwa, puto lingenywea lenyewe wakati mashine inavuta. Letu halikunywea. Nikapima tena kwa kuliinua dumu la mafuta, ambalo ndilo tangi letu, juu ya usawa wa mashine, boti ikiwa imefungwa kamba majini, gia imeingizwa. Mafuta yakateremka yenyewe, na mashine ikabeba resi bila kukohoa. Dumu liliporudi sakafuni, ikazima. Pampu ndiyo ilikuwa haiwezi kupandisha.

Pampu ya aina hii haiendeshwi na umeme wala mkanda. Nyuma yake kuna tundu dogo linaloingia kwenye krankikesi, kile chumba kilichofungwa chini ya pistoni. Pistoni ikipanda, krankikesi inavuta, ikishuka, inasukuma. Pumzi hiyo inaitikisa dayaframu, na valvu mbili ndogo zinahakikisha petroli inakwenda upande mmoja tu. Ukilielewa hili tundu umeielewa kazi nzima, na ndilo watu wanalolisahau.

Tulihamisha mashine mbali kidogo na akina mama wanaokaanga mandazi, maana petroli na jiko la mkaa havikai pamoja. Nikachomoa mpira wa tangi, nikatoa waya za plagi, nikaweka matambara chini ya pampu na kupiga alama kwenye mipira miwili: unaotoka kwenye filta na unaokwenda kabureta. Boliti zilitoka kirahisi. Huo ndio uzuri wa maji baridi. Ndugu zetu wa pwani wanajua chumvi inavyozishika boliti kwenye aluminiamu.

Nilipoing'oa ndipo nikaona jambo ambalo nisingeliona kwa kununua pampu na kuipachika tu. Mtu wa zamani alikuwa amepaka silikoni nyuma ya gasketi. Petroli ilikuwa imeilainisha, ikavimba, na ulimi wake mmoja umelala juu ya lile tundu, umeziba karibu nusu. Dayaframu nayo nikaiinua kuelekea jua. Ilikuwa ngumu, haikunjiki, na karibu na ukingo mwanga ulipenya sehemu ndogo kama tundu la sindano. Tundu la hivyo hufanya mambo mawili: pumzi inapotea, na petroli inavuja kuingia krankikesi. Ndiyo maana plagi moja ilikuwa inatoka imelowa na nyingine imekauka.

Ripea kiti, yaani dayaframu na gasketi mpya tu, ingetosha kama mwili wa pampu ungekuwa mzima. Niliweka ubavu wa rula juu ya uso wake, nikaona mwanga unapita katikati, umepinda. Kuweka mpira mpya kwenye uso uliopinda ni kupoteza hela. Nikapanda hadi mtaa wa Mwanga, mjini Kigoma, kutafuta pampu nzima, nimebeba ile ya zamani mkononi. Nenda nayo kila mara. Niliyopewa kwanza ilifanana sura, ila tundu lake la pumzi halikuangukia mahali pale. Ningeifunga, na isingevuta hata tone.

Kabla ya kulipa niliipima pale pale kwa kipande cha mpira safi. Ukipuliza upande wa kuingilia, hewa ipite, ukinyonya, igome. Upande wa kutokea ni kinyume chake.

Kabla ya kufunga, nilitoa plagi, nikaweka kidole kwenye tundu la krankikesi na kumwambia kijana avute kamba taratibu. Kidole kilisukumwa na kuvutwa waziwazi. Pumzi ikiwa hafifu, tatizo liko kwenye ringi za pistoni au sili za krankishafti, na pampu mpya haitakusaidia. Yetu ilikuwa na afya. Nikakwangua silikoni kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi, ili nisichubue aluminiamu, huku nimeziba tundu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Gasketi mpya niliiweka kavu kabisa. Boliti nilizikaza kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo.

Baada ya kurudisha mipira tukaminya puto hadi likawa gumu, tukasubiri, tukapitisha vidole kila kiungo. Kavu. Mashine ikawashwa ndani ya maji, kamwe si nchi kavu, kwa sababu impela, ile feni ya mpira inayovuta maji ya kupoza, inaungua upesi. Tulikwenda hadi usawa wa kijiji cha Kalalangabo na kurudi, resi yote, mapipa ya maji yakiwa ndani kama mzigo, na nilimzuia kijana asiguse puto. Baba mdogo hakusema kitu njia nzima. Alikuwa anasikiliza.

"Iko sawa," akasema tulipogusa mchanga. "Leteni taa."

Kesho yake nilifungua plagi zote mbili na zikatoka kahawia, zimefanana. Mpira wa kutoka tangini pamoja na klipu zake niliubadilisha wiki hiyohiyo, maana pampu mpya inavuta kwa nguvu zaidi, na penye ufa mdogo pangeanza kunyonya hewa.