Swali la Ami

Swali la Ami limenikaa rohoni tangu Jumapili. Harusi ya Mwanaisha imepita salama, ofisini tumeletewa mkubwa mpya, lakini mimi nikiweka kichwa kwenye mto nilale nasikia lile swali tu.

Ile video ya kisulisuli cha baharini aliyoichukua Swaleh pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, mwaikumbuka: wingu jeusi lilikuwa limeteremsha mkia mwembamba kama wa samaki taa, na chini yake bahari yafuka kwa duara. Barazani wote walisema wingu lanywa maji. Nikawaambia la, mkia ule si maji ya bahari. Ni hewa yenye unyevu inayozunguka ikipanda, inapoa, unyevu wageuka matone, basi ni wingu lenyewe linaloonekana. Maji ya chumvi ni yale yanayorushwa na upepo pale chini.

Ami akaniacha nimalize. Kisha:

"Sawa, mwanangu. Sasa nambia. Wewe uko ndani ya mashua, tanga li juu, na hicho kisulisuli chaja. Wenda wapi?"

Nikanyamaza. Mtu akacheka huko nyuma. Ami hakucheka, akaomba kahawa nyingine.

Wenda wapi? Nimelijibu kwenye feri, nimelijibu nikikuna nazi. Mzee aliyekula chumvi ya bahari kabla mimi sijazaliwa, jibu analo. Kwa nini aniulize mbele za watu?

Ijumaa baada ya chakula nikamfuata. Shikamoo, marahaba, nikaanza. Natazama kwanza. Kikisogea kushoto au kulia, kitanipita. Kikisimama pale pale na kuzidi kunenepa, hicho chanijia mimi. Hapo sikimbii mbele yake, naikata njia yake kwa pembe mraba, nitoke ubavuni. Vingi havifiki dakika 20, na hivi vya kawaida, visivyozaliwa na dhoruba kubwa, vikigusa nchi kavu hufa upesi.

"Na tanga?"

"Nalitua."

"Lini?"

"Kabla ya yote."

Akanishika bega. "Kamwambie nduguyo, kwa maneno hayo hayo. Mimi hanisikizi."

Kumbe! Abdul, ndugu yangu, alikuwa ameketi pale mlangoni siku ile. Mwajua ameanza kutoka na wavuvi, na wakati huu wa malelezi, kati ya kaskazi na kusi, bahari ina joto, upepo haujashika upande, mawingu yajikusanya alfajiri huku maji yametulia. Nilifurahi hata nikambusu Ami mkono. Usiku nikamweleza Abdul yote, naye akauliza, "Na tukiwa na mashine?" Ni vivyo hivyo, nikamwambia, ila usingoje kikaribie. Na ukiona doa jeusi la duara juu ya maji, usingoje mkia ushuke, kwani upepo umeshafika pale kabla yake.

Alisikiza. Ameniahidi.

Mama jana tena hakugusa chakula cha usiku, asema ameshiba. Anakunywa maji tu, birika zima. Kesho nitampeleka apimwe sukari kabla sijaenda kazini, huyo mkubwa mpya aseme atakalo.