Nilivyobaki IRC usiku na mchana kutoka kompyuta tatu

Kazi yangu ni kutunza seva, na mengi ninayoyajua kuhusu kazi hii nimeyapata IRC. Vijana wengi hawaijui. Ni mfumo wa kuchati kwa maandishi matupu, bila picha wala sauti, alioutengeneza Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, mwaka 1988. Umri wake ni mkubwa, lakini watu wa programu huria bado wamo tele. Ukikwama na PostgreSQL, programu ya hifadhidata, uliza kwenye chaneli yao (chumba cha mazungumzo) pale Libera.Chat, mmoja wa mitandao ya IRC, na anayekujibu anaweza kuwa ndiye aliyeandika sehemu inayokusumbua.

Tatizo ni kwamba IRC ya kawaida haikuwekei ujumbe. Seva inapokea mstari wako, inawagawia waliomo kwenye chaneli wakati ule ule, imemaliza. Kama hukuwepo, hukuwepo. Kwa sisi wa Dar hili linauma zaidi kwa sababu ya saa. Nikiuliza swali saa kumi jioni, jamaa wa California bado wamelala, kwao ni alfajiri. Mtu mwenye jibu anakaa kwenye kompyuta yake wakati huku ni saa saba usiku, anaandika maelezo mazuri ya mistari kumi, mimi nimeshazima mashine. Asubuhi naingia, chaneli kimya, sioni kitu.

Isitoshe sikai kwenye mashine moja. Ofisini Posta nina kompyuta ya mezani, nyumbani Kimara nina laptop, katikati kuna mwendokasi na simu. Kila mashine ilikuwa inaingia IRC kivyake. Natoka ofisini mtandao umekatika ghafla, nikifika nyumbani jina langu limeshikiliwa na mimi mwenyewe wa ofisini, kwa sababu seva haijajua kama nimeondoka. Inatuma PING (upo?), inangoja PONG (nipo), na mpaka ichoke kungoja, mimi wa pili naongezewa kistari cha chini mwishoni mwa jina. Watu wananitafuta kwa jina langu halisi, ujumbe unakwenda kwa mzimu. NickServ, huduma inayolinda majina kwenye mtandao, ina amri ya kurudisha jina, lakini kufanya hivyo kila jioni ni adha.

Kilichonitoa hapo ni kuacha kuiunganisha IRC na mashine ninayoitumia. Nilikodi seva ndogo kabisa ya Linux kwenye kituo cha data cha Ulaya, nikaifanya iwe kama mwenzangu niliyemwacha barazani: yeye hatoki, mimi nikirudi ananionyesha yote yaliyosemwa. Programu ya kuchatia, kwangu WeeChat, inafanya kazi kule kule ndani ya tmux, programu inayoshikilia dirisha la amri liendelee hata ukiondoka. Kompyuta ya ofisini, laptop na simu zinabaki kuwa skrini za kutazamia tu.

Kwa nini nisiiweke nyumbani kwenye kompyuta ya zamani? Umeme ukikatika, na yenyewe imekatika. Halafu intaneti ya nyumbani inayopita kwenye laini ya simu mara nyingi haikupi anwani ya IP ya peke yako. Unachangia na wateja wengine, kwa hiyo ukiwa nje huna mlango wa kuingilia. Kazi yenyewe ni nyepesi mno, maandishi tu. Seva yenye RAM ya megabaiti 512 inatosha na inabaki.

Utaratibu wenyewe ni huu. Naingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa amri, nafungua tmux, ndani yake naanzisha WeeChat. Nikibonyeza Ctrl-b kisha d, najitenga na tmux, lakini WeeChat inaendelea kama vile nipo. Nikifika nyumbani naandika:

tmux attach -d

Dirisha linarudi vile vile, hata sentensi niliyoiacha nusu naikuta pale pale. Hiyo -d msiidharau. Inaitoa ile mashine nyingine iliyobaki imeunganishwa. Bila hiyo, skrini ndogo ya simu inaweza kulazimisha dirisha la laptop nalo libanwe kwa kipimo chake, na maandishi yanasomeka kwa taabu.

SSH peke yake haikunitosha kwenye mwendokasi. Mtandao unashuka, unapanda, simu inabadilisha anwani, dirisha linaganda. Dawa ikawa Mosh, programu ya kuingilia seva ya mbali iliyotoka chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2012. Inatumia UDP, njia ya kutuma data isiyohitaji muunganisho wa kudumu, kwa hiyo nikihama kutoka Wi-Fi ya ofisini kwenda bando la simu, mazungumzo hayakatiki. Inasubiri tu mtandao urudi. Na kwa kuwa seva iko Ulaya, kila herufi ilikuwa inachelewa kidogo kuonekana. Mosh inaionyesha papo hapo kwa kubahatisha, na mtandao ukiwa mzito inaipigia mstari chini mpaka seva ithibitishe. Unaandika bila kukereka. Kumbuka tu kufungua milango ya UDP 60000 hadi 61000 kwenye ukuta wa moto (firewall) wa seva, la sivyo utakaa unaangalia skrini tupu.

Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora, ndipo niliona faida yake vizuri. Kurasa za wavuti zilikuwa hazifunguki, mimi nasoma chaneli zangu mstari baada ya mstari, polepole lakini kwa ukamilifu. Upande wa seva hakuna kilichokatika.

Kuna njia nyingine watu wanaipenda, ZNC. Hiyo inakaa katikati: yenyewe imeunganishwa IRC muda wote, na kila mashine yako inaunganishwa nayo kwa programu yoyote ya kuchatia. Kwa asiyependa skrini nyeusi ya amri, naona ni bora, hasa kwenye simu. Ila mpangilio wake wa kawaida unafuta akiba ya ujumbe ikishaionyesha. Simu ikiingia kwanza inakula yote, ukifungua laptop unakuta patupu. Uzime mpangilio huo, AutoClearChanBuffer, kama una mashine zaidi ya moja, ingawa hapo utazoea kuona mistari ya zamani ikijirudia.

Dogo mmoja wa ofisini aliniuliza, "Kaka, wewe hulali? Kila saa jina lako lipo." Alikuwa na hoja. Ukiwepo muda wote, watu wanadhani uko macho, wanakuuliza, wananyamaziwa, wanaudhika. Nikaweka skripti ya WeeChat iitwayo screen_away, nikijitenga na tmux inawajulisha kuwa sipo kwenye kiti. Wenyeji wa IRC wanajali adabu hii.

Yule dogo naye nilimfungulia akaunti yake kwenye seva hiyo hiyo, mbali na yangu, maana kinachoandikwa kwenye kumbukumbu za mazungumzo ni siri ya mwenyewe. Tulichokazania sana ni funguo, yaani faili za siri zinazotumika badala ya nywila. Nywila ya SSH tumeizima kabisa. Kila mashine ina ufunguo wake, na kila ufunguo tumeupa jina la mashine kwenye faili la authorized_keys, lenye orodha ya funguo zinazoruhusiwa. Simu yake ilipoibiwa Kariakoo, alifuta mstari mmoja kutoka kompyuta ya ofisini, simu ikawa haina pa kuingilia. Akarudi kwenye chaneli, akaendelea kubishana na Mjerumani mmoja kuhusu faharasa za PostgreSQL.