Kichina kutoka Langoni: nilipofika mpaka sasa

Nimemaliza maneno 150 ya HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, ngazi ya kwanza, kwa ile orodha ya zamani, na mwalimu wangu ameridhia tuingie kwenye 300 ya ngazi ya pili. Laoshi, yaani mwalimu, ndivyo nimwitavyo, yuko Kunming, China. Mimi niko Langoni, Lamu. Tunakutana kwa video saa tisa mchana, kabla ya Alasiri. Kwake huwa saa mbili usiku, maana China yote hufuata saa za Beijing. Bando likipungua nazima kamera yangu, lakini yake naiacha: nisipouona mdomo wake, nusu ya somo imepotea.

Habari kubwa safari hii ni pumzi. Laoshi aliniletea sentensi mbili. Dùzi bǎo le, tumbo limeshiba. Tùzi pǎo le, sungura amekimbia. Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ni zile zile, irabu ni zile zile. Linalotenganisha tumbo na sungura ni pumzi tu. Akaniambia nishike kipande cha karatasi mbele ya midomo: kwenye pǎo kipeperuke, kwenye bǎo kitulie.

Somo lilipokwisha nikaendelea na karatasi ile ile, ila kwa lugha yangu. Paa la nyumba: imetulia. Paa wa porini: imeruka. Kaa la moto, kimya; kaa wa mikokoni, imeruka tena. Tahajia ya Kiswahili sanifu haionyeshi tofauti hiyo, lakini Mwamu anayo kinywani tangu utotoni, na Mmvita vilevile. Vitabu na programu ninazotumia zinaeleza matamshi haya kwa kupitia Kiingereza, kana kwamba hakuna njia nyingine. Sisi tunayo njia fupi zaidi, na nimefurahi mno kuigundua.

Kwa hiyo daftari nimeliandika upya. b ya pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, ni p ya paa la nyumba, wala si b ya baba. P ya pinyin ni p ya paa wa porini. g ni k ya kaa la moto, k ni k ya kaa wa mikokoni. Pinyin ilipitishwa mwaka 1958 kwa matumizi ya Wachina wenyewe, na kwa kuwa Kichina sanifu hakina b ya mngurumo kama yetu, herufi hiyo ilikuwa huru kupewa sauti isiyo na pumzi.

Toni ndizo zinazonitoa jasho. Mǎi ni kununua, mài ni kuuza, na mimi nauza spea za mashine za boti, kwa hiyo hapo hapana mchezo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo yananifuata hadi kwenye Kichina. Dawa ya laoshi ni kuyasema maneno mawili mawili, kujirekodi, kumtumia ujumbe wa sauti na kusubiri jibu. Toni ya tatu vitabu huichora ikishuka kisha ikipanda. Katika mazungumzo mara nyingi hukaa chini tu, na tangu aniambie hivyo imenilainikia.

Vipimo vya kuhesabia, yaani maneno yanayokaa kati ya idadi na kitu kinachohesabiwa, havikunitisha. Samaki, mto na suruali huchukua tiáo. Meza, karatasi na mkeka huchukua zhāng. Aliyekua na ngeli hashangazwi na hilo. Siku za wiki zinataka uangalifu zaidi: wao huanza kuhesabu Jumatatu, sisi Jumamosi, hivyo siku yao ya tatu, xīngqīsān, ni Jumatano yetu.

Kusoma bado ni pole pole, ila kuna jambo moja nililolitamani tangu siku ya kwanza. Mwaka 2013 watafiti walipata kisiwani Manda, ng'ambo ya mkondo tu kutoka kwetu, pesa ya duara yenye tundu la mraba, ya zama za mfalme Yongle, yule aliyemtuma jemadari wa majini Zheng He baharini. Nimeikuza picha yake kwenye simu na kusoma kwa mpangilio wake: juu yǒng, chini lè, kulia tōng, kushoto bǎo. 永樂通寶. Lè na bǎo zimeandikwa kwa umbo la kale, lenye mistari mingi kuliko 乐 na 宝 ninazofundishwa, na laoshi alinionyesha mstari kwa mstari zilivyopunguzwa. Bǎo hii ni hazina, lakini sauti yake ni ile ile ya tumbo lililoshiba: karatasi haitikisiki.

Wiki ijayo ni bei. Laoshi atakuwa mteja, mimi muuzaji, propela iko mezani, na hatuhesabu chochote kwa Kiingereza.